Mji wa Waliosuguliwa

Wachungaji nao ni watu, wakishiba husinzia, na Kanoni Habakuki Malibiche, kwa miaka yake sitini na minane na ugali wa mhogo alioula saa saba mchana, hana ubavu wa kushindana na joto la sakristia. Amekaa kwenye kiti kilichovunjika mkono mmoja, mbele yake meza, juu ya meza karatasi, na juu ya karatasi sentensi ya maneno matatu ambayo imemkwama kooni kama mwiba wa perege tangu wiki iliyopita. Mungu ni mweusi. Ndiyo sentensi yenyewe, hakuna zaidi. Kwa miezi minane Kanoni amekuwa akitafsiri mkusanyo wa maandishi ya wachungaji weusi wa Marekani na wa Afrika Kusini, watu ambao Biblia wameisoma kwa jicho la aliyeuzwa na la aliyefukuzwa kwenye ardhi yake, na kurasa mia mbili zimekwisha salama. Misri ilikaa mahali pake bila ugomvi, maana kwa waandishi wale Misri ni shamba la pamba. Farao ni mwenye bunduki na mbwa. Kuvuka Yordani ni kutoroka na mtoto mgongoni, umemziba mdomo asilie. Kwao mfano si ua la kupamba sentensi, ni panga, na Kanoni, ambaye panga zuri hulitambua, alitafsiri huku akitabasamu peke yake. Kisha akafika kwenye maneno matatu, akayaandika kama yalivyo, na kamati ya uchapaji ikamrudishia kwa barua. Kwa Kiswahili, ilisema barua, neno hili halikai vizuri. Mwenye roho nyeusi ni katili, mwenye moyo mweupe ni mwema, na waumini wetu watadhani umemtukana Mwenyezi. Tafadhali andika, Mungu yu upande wa wanyonge.

Hayo ni ya kamati, na kamati zina siku zake. Linalomla Kanoni ni jingine. Binti yake wa pekee, Eunike, amelazwa Mtwara, leo siku ya kumi na moja, figo zimegoma, na daktari hakuficha: ni zile dawa za kopo, mkorogo, alizojipaka miaka minne ili awe mweupe. Wala si kwamba baba mtu hakujua. Siku ya Pasaka, kanisa limefurika mpaka nje, alipanda mimbarini na moto wa zile kurasa bado uko kifuani, akasema Mungu ni mweusi, na anayejichubua anamchubua Mungu. Angeishia hapo ingekuwa mahubiri. Lakini akanyoosha kidole kwenye benchi la tatu akasema, hata wa nyumbani mwangu, hata huyu Eunike, ameukana uso wa Muumba wake. Watu wakageuka wote. Eunike akasimama, akajitanda kanga mpaka usoni, akatoka kwa mlango wa ubavuni, na kabla hajafika barabarani kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo uliopangwa, ule wa zamani waliouacha wamisheni, ambao kila mtoto wa kanisa lile huujua kabla hajajua kuvaa viatu: Nisugue, Bwana, nisugue, mpaka weusi unitoke. Kanoni naye aliuimba, tena kwa sauti ya besi, na wala hakusikia anachoimba. Tangu siku hiyo baba na binti hawajasemezana. Shangazi mtu ndiye anayeuguza. Asubuhi ya leo mkewe, aliyefunga mzigo wake tangu juzi, alisimama mlangoni akamwambia, Baba Eunike, twende tukamwone mtoto. Ngoja nimalize sentensi hii, akajibu Kanoni, nikiipata nitajua cha kumwambia. Sentensi haina figo, akasema mkewe, akarudi nyumbani kumngoja. Ni kweli, haina. Lakini Kanoni ni mtu wa maneno, na anaona aibu, aibu nzito ya mzazi, kumwendea mwanawe bila neno lililokamilika. Basi anaitazama karatasi, mweusi, mweusi, mweusi, na kidevu kinashuka kifuani.

Kabati la kanzu liko wazi. Hakulifungua yeye. Ananyanyuka kulifunga, na mkono unapita katikati ya kanzu bila kugusa mbao, kisha bega, kisha mwili mzima, na kanzu zinampapasa mashavuni, nyeupe baada ya nyeupe, wala haziishi, mpaka anachoka kuhesabu na kutokea upande wa pili kwenye barabara. Barabara ni nyeupe kama makopa ya mhogo yaliyoanikwa juu ya paa. Haina vumbi, haina mti, haina kivuli, na kila akitembea mwendo wa sala moja anajikuta anapita pale pale alipokwisha kupita, isipokuwa upande uliokuwa wa kulia sasa uko kushoto. Pembeni mwa njia kumetupwa vitu, naye anavijua: mnyororo alioutafsiri ukurasa wa arobaini upo hapa, mnyororo hasa, una kutu, na pingu yake imebaki na unywele wa kifundo cha mguu. Nira ya ukurasa wa tisini ipo. Jangwa lipo, limekunjwa kama mkeka. Anafika Yordani, nayo ni kijito cha kuruka tu, lakini ukingoni wamekaa watu wengi na mizigo vichwani, hawavuki wala hawarudi. Anawauliza mbona hamvuki, na mmoja wao, mzee wa sauti ya mafua, anamjibu, tunangoja mtu wa kutuambia kama haya ni maji au ni maana ya maji. Kanoni angeweza kuwaambia, kazi yake ndiyo hiyo, lakini ana haraka ya jambo lake. Ndugu zangu, anasema, hamkumwona binti yangu akipita, amejitanda kanga? Wanatazamana. Binti wa kuzaa, anauliza yule mzee, au binti wa mfano, kama yule binti Sayuni? Wa kuzaa! anafoka Kanoni, wa kuzaa, ana kitanda hospitali! Aa, wa kuzaa hupitia mjini, anasema mzee, ila usiende bila kiongozi. Na kiongozi tayari amesimama nyuma yake.

Kiongozi hana uso. Mahali pa uso pana ngozi laini kama yai lililomenywa, haina jicho, haina pua, hata mkunjo wa kusema hapa palikuwa na mdomo haupo, na bado sauti inatoka, sauti ya upole ya karani wa kanisa. Nipeleke kwa mwanangu, anasema Kanoni. Kitendawili, anasema kiongozi. Tega, anasema Kanoni. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa letu sote. Mtu aliyelelewa na bibi yake kwa Kiswahili akiambiwa kitendawili, ulimi hauombi ruhusa. Hata akiwa anang'olewa jino atasema tega. Nikija mnakimbilia ndani, anatega kiongozi, nisipokuja mnanililia. Kichwa cha Kanoni kimejaa kurasa mia mbili. Farao, anajibu. Kiongozi anatikisa yai lake. Umeshindwa, nipe mji. Na Kanoni, kama watoto wanaogawa miji ambayo hawajawahi kuiona, anasema bila kufikiri, nakupa Nachingwea. Nimekwenda Nachingwea, anaimba kiongozi, nimekaribishwa vizuri, nimekula korosho za kukaanga, nimelala kitanda cha kamba, jibu ni wingu jeusi. Kanoni anacheka kidogo, kumbe rahisi hivyo, wingu jeusi, mbona hata bila kamati tunalipenda jeusi likiwa na mvua. Kisha kicheko kinakatika. Anataka kukumbuka Nachingwea, alikowekewa mikono akawa shemasi, na hakuna kitu. Hakuna barabara, hakuna kanisa, hakuna aliyemwekea mikono. Kichwani mwake Nachingwea pamekuwa peupe. Na papo hapo, kwa mara ya kwanza, linamjia jambo: vijana wa mtaani husema fulani ni mweupe, maana yake hana kitu kichwani, na kamati haikuliandika hilo kwenye barua yake. Mji wangu umekwenda wapi? anauliza. Umenipa, anasema kiongozi. Lakini ule ni mchezo! Huku hakuna mchezo, anajibu kiongozi, wala hakuna mfano. Huku kilichosemwa kimesemwa. Twende mjini.

Mji wenyewe ni wa vioo. Kuta vioo, milango vioo, na kila kioo kinatazama kioo kingine, kwa hiyo nyumba moja inakuwa mtaa na mtaa unakuwa nchi isiyo na mwisho. Katika kila kioo Kanoni anajiona, mbele, nyuma, ubavuni, na katika vyote mkono wake wa kulia umenyooka na kidole kimetoka, ingawa yeye mwenyewe mikono ameishikilia mgongoni. Anaanza kwenda kwa kuinama ili asijione. Barabarani yamepangwa mabeseni, safu kwa safu, na kwenye kila beseni ameinama mtu asiye na uso, dodoki mkononi, anajisugua na kuimba, na wimbo ni ule ule, nisugue, nisugue, taratibu, kama watu wanaotwanga bila mahindi kinuni. Mmoja anamjua kwa bonge la funguo za stoo ya kanisa lililoning'inia kiunoni. Ni Bi Agripina, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama, ambaye Kanoni alimzika mwenyewe mwaka ule wa kiangazi kirefu. Shikamoo, Bi Agripina, anasema. Marahaba, Kanoni, anajibu yule mama bila kuacha kusugua, karibu, ila kaa mbali kidogo usirukiwe na povu. Mnafanya nini, mama? Swali gani hilo? Tunasugua. Si wewe uliyetufundisha? Wenzangu weusi uliwatoka mapema, wangu ulikuwa mbishi kama mimi mwenyewe, umeng'ang'ania mpaka ukaondoka na pua. Kanoni anashika kichwa. Mama, ule ulikuwa mfano! Weusi wa mle wimboni ni dhambi, si ngozi. Dodoki linasimama. Mfano? anasema Bi Agripina. Ulisema kuwa ni mfano? Miaka thelathini nimekaa benchi la mbele, Kanoni, masikio yangu mazima, sikukusikia ukisema. Uliposema weusi, mimi nilitazama mkono wangu.

Anataka kujitetea, na hana la kujitetea, basi anafanya wanachofanya watu wa maneno wakibanwa, anatafuta neno jingine. Karatasi yake ipo mfukoni. Nimewaletea dawa, anasema kwa sauti ya mimbarini, sikilizeni, Mungu ni mweusi! Safu nzima ya mabeseni inanyamaza. Maji yanadondoka kwenye madodoki, to, to, to. Nyuso zisizokuwepo zinamgeukia zote pamoja, naye anapata tumaini, maskini, anadhani ameshinda. Na hilo je, anauliza Bi Agripina, ni mfano au si mfano? Niambie mapema safari hii. Kanoni anavuta pumzi. Ni mfano, mama, Mungu hana ngozi. Waliouandika maana yao ni hii: anayekanyagwa, Mungu yuko naye pale pale chini, amevaa uso wake. Kwa kuwa walikanyagwa kwa weusi wao, basi wakasema ni mweusi. Ukitaka kumwona Mungu mtazame anayeonewa, usitazame kwingine. Bi Agripina anatikisa kichwa kwa kuridhika, funguo zinalia. Maneno mazuri hayo, yananiliwaza hata mimi niliyekwisha kufa. Basi niambie, siku ya Pasaka, mle kanisani, aliyeonewa ni nani? Nilikuwepo, baba, wafu hawakosi Pasaka. Watu mia nne waligeuka kumtazama mtu mmoja. Siku ile Mungu alivaa uso wa nani?

Anajua. Angependa asijue, lakini anajua. Alivaa uso wa benchi la tatu, uso wenye mabaka mekundu mashavuni na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba kama ya kitunguu, na yeye Habakuki, kwa kidole hiki kinachoonekana vioo vyote, alimtoa Mungu nje kwa mlango wa ubavuni kisha akaimba besi. Nionyeshe alipo, anamwambia kiongozi, nimwone tu, sina mahubiri tena. Kitendawili, anasema kiongozi. Kanoni anajiziba mdomo kwa viganja viwili, na tega inapenya katikati ya vidole. Ndivyo inavyokuwa kona baada ya kona. Kiongozi mmoja anampokeza kwa mwingine, mayai matupu, sauti za upole, na kila mmoja ana kitendawili chake, na vyote si vigumu, mtoto angejibu, jibu ni chungu, jibu ni kivuli, jibu ni mbegu, jibu ni wino, vitu vyeusi vidogo vya kila siku ambavyo yeye, kwa kutafuta kikubwa, anaviruka juu kwa juu. Anajibu Babeli, anajibu Golgotha, anajibu ufalme. Nipe mji. Anatoa Lindi, alikosoma. Anatoa Masasi, alikooa, na papo hapo anasahau mkewe alivaa nini siku ile. Anatoa Newala, na akiisha kuitoa anabaki amesimama barabarani akijiuliza kwa nini machozi yanamtoka, kuna nini Newala, maana hakumbuki tena kwamba ndiko alikozikwa mama yake. Barabara inajikunja na kurudi. Vioo vinazidi. Sasa amebaki na mji mmoja tu, na anaushika kama mtu anavyoshika yai kiganjani, hathubutu hata kuutaja kimoyomoyo, kwa sababu katika mji huo kuna wodi, na katika wodi kuna kitanda.

Na wodi ndiyo hii, ameingia bila kujua. Au ni kanisa lake, ameshindwa kutofautisha, maana vitanda vimepangwa kama mabenchi, na kwenye benchi la tatu amekaa mtu mmoja amempa mgongo, amejitanda kanga mpaka usoni, kifundo cha mkono kinaonekana, chembamba, na chupa ya maji ya dripu imetundikwa juu yake. Kanoni anakwenda kwa vidole vya miguu, kama zamani alipokuwa akichungulia kama mtoto amelala. Anachotaka kusema anakijua sasa, ni neno moja, halihitaji kamusi wala kamati, na limeshafika kwenye meno. Baba, anasema Eunike bila kugeuka. Naam, mwanangu. Kitendawili. Sauti ni ile ya mtoto wa miaka sita, ya jioni walizokaa mkekani wakibangua korosho, mikono myeusi kwa utomvu, naye akicheka kabla hajamaliza kutega. Asiye na uso unaweza kumkatalia, au hata ukamjibu kwa kuponyokwa. Lakini mtoto wako mgonjwa akikutegea, utasemaje? Tega, mwanangu, anasema Kanoni, na kusema kweli anasema kwa furaha.

Fimbo ya baba haina mti, anatega Eunike, na kidonda chake hakina damu.

Darasa la pili wangejibu. Kanoni anafumba macho. Msalaba, anasema. Hapana, baba. Dhambi. Hapana. Anaogopa, na akiogopa anakuwa msomi, anashusha kurasa zote mia mbili, utumwa, anasema, minyororo, ukoloni, mjeledi wa Farao, kila neno zito na kubwa, na kila moja Eunike analirudisha taratibu, hapana, baba, hapana, kama mtu anayerudisha sahani ambayo si yake. Umeshindwa, anasema, nipe mji. Nakupa Babeli, anasema Kanoni kwa haraka. Huo wa kitabuni. Nakupa Yerusalemu mpya, mama, malango kumi na mawili. Eunike anacheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi ya kutosha. Baba, hiyo si yako. Nipe mji wenye kitanda changu. Na Kanoni anataka kusema sikupi. Anataka kusema lile neno dogo, liko pale, kwenye meno kabisa. Lakini kinywa hiki kimesimama mimbarini miaka arobaini, hakijawahi kuacha kimya kikae bila kukijaza, na kimezoea kwamba mtu akiombwa mji hutoa mji. Nakupa Mtwara, kinasema.

Nimekwenda Mtwara, anaanza Eunike kwa ule wimbo wa mkekani, nimepewa kitanda cha dirishani. Nimekula uji vijiko vitatu. Kila asubuhi nimeuliza kama baba amefika, wakaniambia yuko njiani, nikawaambia babangu haoni njia mpaka aitafsiri kwanza, wakacheka manesi. Nimengoja siku kumi na moja. Jibu ni neno, baba. Ni neno tu. Anasimama, anachomoa sindano ya dripu kama mtu anayetoa mwiba, anajitanda kanga yake vizuri, na anaelekea mlango wa ubavuni. Kanoni anamkimbilia. Eunike! anaita, Eunike, geuka nikuone! Lakini kila anapokanyaga, benchi la nyuma linapauka na kutoweka, kitanda kinatoweka, dirisha, ukuta, wodi nzima inakuwa peupe kuanzia pembeni kuja katikati, na yeye hana tena pa kuweka mguu.

Anaamka shavu liko juu ya karatasi. Kabati limefungwa. Jua la saa tisa limepinda dirishani, na jasho limeulowesha ukosi wake. Hafikiri, wala hatafuti miwani, anaogopa akifikiri neno litaondoka. Anaichukua simu yake ya kitochi na kubonyeza namba ya Eunike, ambayo anaijua kwa moyo tangu mtoto alipoipata, na ambayo hajaibonyeza tangu Pasaka, na anazipapasa tarakimu moja moja. Inaita mara ya kwanza, inaita mara ya pili, inaita mpaka anaanza kuomba. Haloo, inasema sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, ya mtu aliyelala chali. Eunike, anasema Kanoni. Haloo, nani mwenzangu? Neno lipo, safari hii lipo, linatoka lenyewe bila pambo. Nimekosea, anasema. Nimekosea, mwanangu, nimekosea sana. Anasikia pumzi, anasikia kikombe cha bati kikiwekwa juu ya kitu kigumu, na mbali kidogo mtu akikohoa. Haya, inasema ile sauti taratibu, kama inayomwonea huruma, si kitu, mzee. Hutokea. Na simu inakatika.

Anaitazama skrini kwa macho matupu yasiyo na miwani, na hawezi kujua kama tarakimu ya mwisho aliyobonyeza ni sita au ni nane. Mlangoni amesimama Mama Eunike na mzigo wake kichwani, mwanga wote wa nje uko nyuma yake, uso hauonekani. Ulikuwa unaongea naye? anauliza. Kanoni anatamani amwombe asogee karibu. Anatamani amwulize mji wanaokwenda unaitwaje, na hathubutu, asije mkewe akamwuliza mji upi. Baba Eunike, nakuuliza, mtoto amesemaje?

Amesema si kitu, anajibu Kanoni.